Kichwa cha Baba Yako

Mjukuu wangu Deo,

Anayeandika ni dada yako Koku, aliyemaliza shule juzi, lakini maneno ni yangu. Sisi wazima. Kahawa inaiva, na shamba la ujamaa limetupa mahindi. Pole na baridi ya Iringa.

Umeuliza kama ni dini iliyonifanya nile senene, panzi wetu wa kukaanga, wakati wanawake wa Kihaya tulikatazwa. Sista aliyetufundisha ubatizo alikula senene kiganja kizima mbele yetu. Tulimtazama wiki nzima tukingoja augue, asiugue. Nikala mmoja kwa siri. Nilipoolewa na kupata mimba nikaishi kwa hofu, maana walisema mtoto atazaliwa na kichwa cha senene.

Baba yako alipozaliwa, mama mkwe alimpapasa kichwa kwanza. Nikalia, nikamwambia yote.

Akasema taratibu, "Na mimi huwa naonja nikikaanga. Kichwa cha mumeo kina kasoro gani?"

Tangu siku hiyo tulikula pamoja jikoni. Hata sala zangu zilibadilika: niliacha kuomba nisiadhibiwe, nikaanza kushukuru. Sasa ukiuliza nani alinifanya nile, sijui nikutajie Sista, mama mkwe au mimi mwenyewe.

Bibi yako akupendaye.

Kaka, hapa naongeza mimi, Koku. Nilikuwa sijawahi kuonja. Nilipomaliza kuandika nilichukua senene mmoja kwenye bakuli la Babu, mwenyewe akiniona. Nilitazama chini nikitafuna. Babu alisogeza bakuli upande wangu.