Mama Jussara Darajani

Alhamisi, 7 Novemba 2024

Mama Jussara amefika Juba! Ndiye mwalimu wa kwaya aliyenipokea São Paulo mwaka jana, nilipokwenda kwenye mkutano wa makanisa. Wiki nzima alinitembeza na mashauri yake. Sokoni usidanganyike na matunda ya kuonjeshwa, bei yake ni ya wageni. Barabara ya Paulista uende Jumapili — magari hayapiti, watu wanacheza katikati ya lami. Simu usiitoe ukingoni mwa barabara.

Na siku ile mlinzi wa duka aliponishika mkono, eti nimeiba miwani! Mama alimfokea mbele ya watu wote: huyu ni mwanangu. Mpaka nikaombwa radhi.

Sasa zamu yangu kumtembeza.

Jumamosi, 9 Novemba

Sijui nianzie wapi. Asubuhi ilikuwa nzuri. Mtaa wa Gurei, kuutazama mlima. Kisra, ule mkate wetu mwembamba wa mtama, na mboga mtaani Hai Cinema. Halafu chai karibu na daraja, kwa Erina, muuza chai Mganda niliyemzoea. Nikajigamba kwamba huyu ni mama yangu wa Brazil.

“Eh, Laku! Wewe iko na mama mzungu? Leo yeye halipi!”

Darajani Mama akauliza kama anaweza kupiga picha ya mto. Kila mtu hapa anajua hairuhusiwi bila kibali. Mimi najua! Lakini nilitaka kujifanya mwenyeji hasa. Nikamwambia piga tu.

Askari wawili. Simu ikachukuliwa. Mmoja akaniuliza kama ni mgeni wangu. Nikajibu kwa Kiarabu cha Juba kwamba simjui, mimi napita tu. Nikavuka barabara, nikajificha nyuma ya lori la maji. Mtu mzima na ndevu zangu!

Mama hakuelewa neno. Erina alielewa yote. Aliacha birika zake motoni, akaenda kusimama kando ya Mama, akawaambia ni mgeni wake. Akabembeleza mpaka simu ikarudi. Ndipo mimi nikajitokeza, nahema kama niliyetoka mbali.

Jumapili, 10 Novemba

Afadhali angenitukana. Kanisani, wakati wa kukaribisha wageni, Mama alisimama kutoa ushuhuda. Jana aliogopa sana, lakini mwanawe Laku alikimbia kutafuta msaada, akamletea yule mama wa chai. Makofi! Mama yangu mzazi akafuta machozi. Na mimi — nilitabasamu. Nikapunga mkono! Nina uso gani mimi?

Baada ya chakula akatoa kitambaa kizuri, cha kijani. Zawadi ya Erina. Anataka twende sasa hivi, maana kesho anasafiri. Anataka pia kumuuliza nilimwambia nini hata akaacha kazi yake akaja mbio. Kiingereza cha Mama ni cha kuungaunga, cha Erina hakipo. Kwa hiyo mkalimani ni mimi. Erina ataeleza yote mbele yangu, na Mama atanigeukia mimi nimwambie amesema nini.

Naweza kumwambia chochote. Hatajua kamwe.

Anagonga mlango. Nimeitika naja. Bado nimekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni, na nimeshaanza kupanga maneno —