Aliyechorwa kwa Nyuma

4 Machi

Mwanangu,
Hujambo? Mimi mzima, ila mkono wa kulia umeanza kutetemeka. Kutunga uzi ni vita. Lile pazia la shule ya Jumapili tulilolishona kwa viraka vya nguo zenu limechanika. Nashona jipya. Mikate na samaki tayari, umati upo. Bado Yesu. Wewe unayeishi kwa kuchora, nichoree, nami nitashona juu ya mistari yako.
Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo.
Pole na mkono. Umenikumbusha sakafu ya sebuleni, vitambaa vimetapakaa, wewe umebana pini mdomoni, unanionyesha kwa nyusi pa kukata. Siku zile nilikuwa na raha. Lakini siku hizi nachora maboksi ya sabuni, na tangu tumzike Baba sijasali. Ule uso nimeujaribu mara sita, nikachana karatasi. Nitamchoraje mtu tusiyesemezana naye? Tafuta mwingine.
Kitinda mimba wako

2 Aprili

Mwanangu,
Habari za huko? Sikukasirika. Hata mimi baada ya mazishi nilishona miezi mizima sina neno la kumwambia Mungu. Mikono ndiyo iliyosali. Uso ukikushinda, uache. Chora unachokumbuka.
Mama

11 Juni

Mama, shikamoo. Mkono unaendeleaje?
Nisamehe kwa kimya. Karatasi ndiyo hiyo. Nimemchora kwa nyuma, anatembea. Jumapili Baba alikuwa akitangulia, nami njia ya kanisani niliijua kwa mgongo wake tu.
Kitinda mimba

30 Juni

Mwanangu,
Mkono ni ule ule, namshukuru Mungu. Niliitandaza kitandani, na kabla sijavaa miwani nikajua bega lile ni la nani. Shati lake jeupe lilikuwa kabatini, sijathubutu kuligusa. Nimelikata, ndilo nililomvika Yesu.
Jumapili tumelitundika pazia. Mwalimu akanivuta pembeni: "Mama, mbona amewapa watoto mgongo?" Nikamwambia ageuke. Watoto walikuwa wameshapanga foleni nyuma ya Yesu, wanasukumana nani awe wa kwanza.
Mama

14 Julai

Mama, shikamoo.
Barua yako natembea nayo. Jana niliingia kanisa la mtaa huu, nikakaa benchi la mwisho. Sikusema kitu. Lakini sikutoka mpaka walipomaliza.
Mwanao