Mkwe Uliyemkana

Baba,

Nilidhani nikingoja hasira itatulia, ndipo nikuandikie. Haikutulia. Basi naandika nayo, na safari hii huwezi kugonga meza uninyamazishe.

Tumekuzika Jumamosi, nyumbani Kisian. Watu walijaa hadi nje ya ua, wakakusifu. Mzee wa kanisa. Mwenye duka la Kondele ambaye hakumpunja mtu msumari mmoja. Mtu mkweli. Waliposema "mkweli" nikamtazama Mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ncha ya leso yake.

Mkweli! Mimi nilikuwepo siku ile ofisini, Baba.

Acha nikukumbushe, maana ulipenda kusema wanawake husahau. Mwangi alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Kisumu tulipojuana. Watu wake walitoka Nyeri wakaja hadi sebuleni kwako. Ng'ombe waliowaleta uliwapokea mwenyewe, ukawashika migongo, ukacheka. Ukawaambia wazee wao, "Leo nyinyi ni watu wangu." Hakukuwa na padri wala cheti, lakini hakuna aliyeondoka pale akidhani mimi bado ni msichana wa kwako.

Tukapanga chumba mtaa wa Migosi. Haukupita muda Mwangi akapata kazi ya kufundisha Botswana, mkataba wa miaka miwili, nami nikabaki na mimba. Mtoto alipozaliwa tukamwita Wambui, jina la mama yake Mwangi, kwa desturi yao. Wewe ulikataa kumbeba. Siasa za vyama vingi zilikuwa zimeingia, watu wameanza kuulizana majina kabla ya kusalimiana, na yule mfanyabiashara kutoka Mkoa wa Kati, kwa kina Mwangi, alikuwa amefungua duka mkabala na lako na wateja wakavuka barabara. Mwangi hakumwuzia mtu misumari, Baba. Alifundisha watoto hesabu. Lakini wewe ulitaka mtu wa kumchukia aliye karibu, na aliye karibu alikuwa yeye.

Kibali chake cha kazi kilipokaribia kwisha, shule ya kule ikakubali kumwongezea muda. Na wakasema, mke na mtoto wanaweza kuandikwa pamoja naye, mradi ndoa ithibitishwe. Angekuja tukafunge ndoa bomani, lakini kuondoka kule kabla kibali kipya hakijatoka kulikuwa kucheza na kazi. Njia iliyobaki ilikuwa mzazi wangu aende kwa ofisa wa serikali hapa Kisumu, aape kwamba ndoa ya kimila ilifanyika.

Ukakubali. Hapo ndipo panaponichoma hadi leo. Ungekataa ningejua la kufanya. Lakini ulikubali, ukavaa koti lako la Jumapili, tukapanda gari pamoja, ukanisaidia hata kumshika Wambui tukishuka. Nikadhani umelegea.

Ofisa akakuuliza kwa heshima, "Mzee, unamtambua mume wa huyu mama?"

Ukasema, "Binti yangu hajaolewa. Alizalia nyumbani tu. Anataka kwenda kutangatanga nchi za watu."

Ofisa akafunga faili. Akaniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mwongo anayemwonea huruma. Nje, kwenye ngazi, ulinishika bega: "Siku moja utanishukuru." Kisha ukaenda kufungua duka.

Kibali kikatoka cha Mwangi peke yake. Miaka mingine miwili. Aliponiandikia alisema hakasiriki, ila mwandiko wake ulikuwa umebadilika, herufi zimelala. Majirani wa Migosi wakaanza kunong'ona kwamba jamaa ameoa huko. Nilikuwa nikiwajibu, halafu nikachoka kujibu. Wambui alipoanza kusema, mwanamume wa kwanza kumwita "baba" alikuwa wewe. Nawe ukamwitikia, "Ee, jamwa mdogo," ukicheka na wateja wako. Mgeni mdogo. Mtoto aliyezaliwa hapa hapa, analia kwa Kijaluo akianguka.

Na ni wewe huyo huyo uliyenipakia nyuma ya baiskeli nikiwa mdogo, toka Kisian hadi mjini, ukininunulia mandazi njiani. Ulikuwa ukisema, "Shika shati, usishike kiti. Kiti hakijui kama umeanguka." Nimejaribu kumtenganisha yule na huyu. Siwezi. Ni mtu mmoja.

Unajua vizuri nani aliniokoa. Asubuhi moja Mama alikuja Migosi amevaa nguo za kanisa, na haikuwa Jumapili. Akasema, "Vaa viatu. Twende kwa yule ofisa wako."

Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukupinga hata kuhusu chumvi! Alisimama mbele ya meza ile, akakataa kiti. Akasema, "Mimi ndiye niliyewapikia hao watu. Mume wangu alikula nao, akacheka nao, akawasindikiza hadi barabarani. Kama binti huyu hajaolewa, basi hata mimi sijaolewa." Ofisa akamwuliza kama anajua maana ya kuapa kinyume cha maneno ya mumewe. Akajibu, "Najua. Niletee Biblia." Ofisa akafungua faili tena, akaandika kwamba nimeolewa.

Mama aliporudi nyumbani jioni alikuta vitu vyake uani. Sufuria, nguo, godoro lake. Wewe, mzee wa kanisa. Alikuja kwangu na kapu moja, na mimi nilipoondoka akabaki katika chumba kile, akiuza mboga Kondele, ng'ambo ya duka lako. Ulikuwa ukimwona kila siku. Ulimtumia watu: arudi aombe msamaha. Alijibu, "Nilisema ukweli. Msamaha wa nini?"

Nilifika Botswana, Baba. Mwangi alitupokea amekonda. Hakujua amfanyie nini binti yake, akampa mkono kama mgeni wa heshima, na Wambui akaushika kwa adabu. Nikalia pale pale uwanja wa ndege. Ulitunyima hicho: baba na mwana kujuana bila kutambulishwa.

Sasa sikiliza kilichotokea ulipokufa. Ndugu zako walituma habari haraka: mkwe aje, na aje na fahali wa mazishi, desturi ya wakwe. Nilimwambia Mwangi asithubutu. Akasema, "Siendi kwa ajili yake. Naenda kwa ajili ya Mama." Akaja, fahali akapatikana. Na Baba Mdogo akashika kipaza sauti, akatangaza: "Orwa! Mkwe wetu, mwalimu, ametoka Botswana! Njoo usimame na familia!" Watu wakapiga makofi. Mtu uliyemkana mbele ya ofisa akasimama mbele ya jeneza lako, kichwa wazi juani, akakuheshimu. Mimi nilitaka kupiga kelele. Sikupiga, kwa sababu Mama alikuwa ananitazama.

Jana ndugu zako walimketisha Mama. Eti arudi katika nyumba yako, na mmoja wao atamwangalia, mjane arithiwe kama mila inavyosema. Akawasikiliza hadi mwisho, akawashukuru, akasema, "Mimi nilitoka katika nyumba hii mume wangu akiwa hai. Sitaingia sasa." Usiku kucha amekulilia, Baba. Sielewi, na sijamwuliza.

Kesho tunaondoka naye. Mwangi amempatia ruhusa ya kututembelea, na tukifika tutaomba iongezwe, na ikikataliwa tutaomba tena. Kazi hiyo tumeizoea. Ufunguo wa nyumba yako anao Baba Mdogo.

Ahadi yangu ni hii. Mama hatalala tena mahali ambapo mtu anaweza kumtolea godoro nje. Na kila nikirudi Kisian nitafyeka nyasi kaburini kwako, kwa kuwa u baba yangu. Lakini nitakuja na panga tu. Msamaha sina, usiungoje.

Lala, Baba.

Atieno, mke wa Mwangi