Mfuko Uliolikataa Bega Langu

Wembley, London

Dada yangu Mwanahamisi,

Asalaam aleikum. Natumai karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Siku ile kadi ya simu iliisha kabla sijasikia kama machungwa ya mwaka huu yamepata mnunuzi au yameozea tena shambani. Mimi nipo, nakula, nalala. Uliniuliza kwa nini siku hizi napiga simu mchana. Ni kwa sababu sina kazi. Leo nakueleza yote, maana kwenye simu nilikuwa naficha.

Unajua mimi na Mwanaidi, binti wa jirani yetu hapo nyuma, tunakaa chumba kimoja, na tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kulea wazee. Mzee asiyeweza kusimama lazima ainuliwe na watu wawili, ndiyo sheria. Asubuhi moja tulikuwa tunamtoa bibi mmoja kitandani kumpeleka kuoga. Simu ya Mwanaidi ikalia. Akaniambia, "Mshike kidogo, nakuja," akatoka. Bibi akaingiwa na hofu, akaning'inia shingoni mwangu kwa uzito wake wote. Ningeweza kumwachia aanguke. Sikumwachia. Nikasikia kitu kinachanika ndani ya bega la kulia.

Hospitali ya serikali haidai pesa, lakini walinipanga kwenye foleni ya miezi, na mpaka leo zamu yangu haijafika. Mkono ulikuwa haupandi hata kufika kidevuni. Ndipo nikakumbuka mfuko wa matibabu. Kazini walikuwa wanatukata kidogo kila mwezi, pesa zinaingia kwenye akaunti yenye jina la kila mmoja wetu. Ukiumwa unajilipia kwanza, unapeleka risiti, wanakurudishia. Tangu nianze kazi sikuwahi kuigusa ile akaunti. Nikasema sasa ndiyo wakati wake, nikatafuta mtu wa fiziotherapia, hawa wanaonyoosha viungo.

Nilimpata mama mmoja wa Kihindi kule Queensbury, mzaliwa wa Kisumu. Aliposikia natoka Tanga alifurahi, akaanza Kiswahili. Lakini Kiswahili chake, dada, ni cha kuamrisha tu. "Wewe lala. Geuka. Lete mkono. Vuta. Nyamaza." Mzungu aliyenitangulia alisindikizwa hadi mlangoni, akiulizwa kwa upole kama hakuumia. Nikamwuliza huyu mama Kiswahili alijifunzia wapi. "Nyumbani, kwa yaya na boi," akasema, huku amelikandamiza bega mpaka machozi yakanitoka. Hata hivyo mikono yake iliijua kazi. Baada ya kwenda mara chache niliweza kugusa sikio langu mwenyewe, nikawa nacheka peke yangu kwenye basi.

Kisha nikapeleka risiti, na watu wa mfuko wakataka kujua nimeumia wapi. Nikaandika ukweli, kwamba ni kazini. Wakajibu kuwa wao hawalipii ajali za kazini, hiyo ni juu ya mwajiri. Nikaenda kwa meneja. Akamwita Mwanaidi mbele yangu.

"Ulikuwepo siku hiyo?"

"Nilikuwepo. Tulimwinua pamoja. Hakukutokea kitu."

"Sasa huyu ameumia wapi?"

Mwanaidi akaangalia viatu vyake. "Aliniambia aliumia akibeba mifuko kutoka sokoni."

Nilimwita jina lake. Hakuinua uso. Makaratasi yangu ya kuishi hapa nilishapata, lakini yake yalikuwa bado yanamtegemea meneja yuleyule, na kama angekiri kwamba alimwacha bibi mikononi mwa mtu mmoja, angefukuzwa palepale. Hilo nililijua nikiwa nimesimama pale, na kulijua hakukunisaidia chochote.

Mwajiri akakataa kulipa. Watu wa mfuko waliposikia, wakasema basi niliwadanganya, wakaifunga akaunti. Meneja naye akasema mtu asiyeweza kuinua wazee hana kazi pale, nirudishe sare. Nikaenda Queensbury kumweleza yule mama. Siku hiyo hakusema Kiswahili hata neno. Alizungumza nami kwa Kiingereza, taratibu, kwa adabu, kama anavyozungumza na wale wengine, kwamba anasikitika sana lakini bila malipo hawezi kuendelea. Akanisindikiza hadi mlangoni.

Bega likaanza kurudi nyuma. Sasa mkono hauvuki kifua. Blauzi sivai peke yangu, nywele sizifikii. Ungeniambia nihame, lakini kodi ya chumba analipa Mwanaidi. Kila asubuhi kabla hajaenda kazini ananikalisha chini, yeye anakaa kitandani, ananichana na kunisuka. Jambo lile hatujalizungumza hata siku moja. Mwanzoni nilikuwa nalia nikiwa nimempa mgongo, na nadhani yeye pia, maana nilimsikia akivuta kamasi. Siku hizi hatulii. Jana alizivuta nywele kwa nguvu, nikamwambia taratibu basi.

"Kama inakuuma, jisuke mwenyewe," akasema.

Nikamrudishia kichwa. Akaendelea kusuka mpaka akamaliza.

Mama msomee pale juu tu, palipo na habari za machungwa na mguu wake. Nisalimie shemeji, na shangazi Bi. Tatu aliyetulea, na mjomba fundi cherehani, mwambie lile koti lake bado nalivaa ingawa mkono mmoja nauacha nje. Wabusu watoto. Na mama yake Mwanaidi akiona barua imefika, najua atakuja kuulizia. Mwambie binti yake hajambo, makaratasi yake yamepita, na kila asubuhi ananihudumia kama ndugu yake wa damu. Mwambie hivyohivyo. Hakuna neno la uongo hapo.

Ni mimi mdogo wako ninayekuwaza,
Hadija