Mgongo Ulionyooka Mbele ya Bendera

Alhamisi, jioni. Mawingu yamekaa juu ya Likasi tangu mchana na mvua haitaki kunyesha.

Leo ilikuwa zamu ya mume wangu, Baba Mwamba, mbele ya madaktari wa jeshi. Alikuwa askari. Lori lao lilipinduka kwenye njia ya Kakanda likamlalia, na tangu hapo mgongo wake si mgongo. Jeshi lilimrudisha nyumbani mikono mitupu, akaenda kubeba mawe kwenye machimbo ya Kakontwe kwa sababu watoto hawali maumivu ya baba yao. Madaktari wakikubali kwamba ameumia jeshini, atapata pensheni, apumzike. Wakikataa, Jumatatu anarudi kwenye mawe. Mimi ndiye ninayeukanda ule mgongo kwa maji ya moto. Najua hautafika Krismasi kule machimboni.

Tulikuwa na picha ya radio, ile inayoonyesha mifupa. Hata mimi nisiye daktari naona pale chini ya mgongo mfupa mmoja ulivyobonyea. Lakini picha haikutosha. Walitaka kumwona mwenyewe, ainame, ainue miguu, wajue kama hadanganyi. Walituambia wazi kwamba wanaume wengi hudanganya.

Kisha ikaja bendera.

Tulikuwa tumeketi kwenye benchi uani mwa hospitali, filimbi ya kupandisha bendera ikapigwa. Kila mtu anajua la kufanya. Ukiwa na beseni kichwani unasimama, ukiwa kwenye baiskeli unashuka. Asiyesimama ataulizwa ana nini na nchi, na gereza la Buluo si mbali na hapa. Wenye magongo waliinuka na magongo yao. Baba Mwamba, ambaye hutoka kitandani kwa kushika bega langu, aliinuka bila kushikwa, visigino pamoja, kidevu juu, kama siku ya gwaride. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Nikatazama dirisha la chumba cha madaktari. Kapiteni, mkuu wa madaktari wale, alikuwa amesimama wima kama sisi, lakini macho yake yalikuwa kwa mume wangu.

Wimbo wa taifa ukaisha, watu wakaketi. Yeye hakuketi. Nikamvuta shati, akaninong'oneza nimwache. Walipomwita bado alikuwa amesimama vilevile, akaingia amekauka kama ubao, nami nikafuata ili nimvue viatu.

Kapiteni hakuigusa picha, akamwita raia kwa Kifaransa.

"Citoyen, minakuona ku dirisha. Ulisimama muzuri sana ku drapo. Sasa mugongo inauma namna gani?"

Mtu ajibu nini hapo? Akisema aliweza kwa sababu haumwi, pensheni imekwenda. Akisema alijilazimisha kwa woga, ameitukana bendera mbele ya afisa. Baba Mwamba akajibu kiaskari: "Ndiyo, mon capitaine." Nilitamani kumfinya. Kapiteni akachukua kalamu, akaanza kuandika.

Nikasema mimi. Sijui nilipata wapi mdomo.

"Docteur, anasimama sababu hawezi kuikala tena. Toka ku drapo. Mumuambie aikale, mutaona."

Aliniangalia mpaka nikajuta. Kisha akamgeukia mume wangu: "Citoyen, ikala."

Amri ni amri. Baba Mwamba alijaribu kuketi. Magoti yakakunjika, mgongo ukakataa, akaitafuta meza, akaikosa. Alianguka kwa ubavu miguuni pa kapiteni, na akalia. Sijawahi kumsikia akilia, hata siku walipomleta kutoka kwenye lori. Daktari akapiga magoti, akampapasa mfupa mmoja mmoja, polepole, kama mtu mwingine kabisa. Ndipo akaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Bon. Huyu hatabeba tena kintu." Akachana karatasi yake, akaandika upya.

Tumeshinda, basi.

Tulipofika nyumbani akasema neno moja tu: "Mama Mwamba, ungeniacha nirudi ku mawe." Sasa amelala, uso ameupa ukuta. Kwake yeye, nimemwangusha chini mbele ya afisa, mbele ya cheo alichokiheshimu maisha yake yote.

Nami nina hasira. Nina hasira na filimbi ile, na benchi lile, na ukurasa huu ambao itabidi niufiche chini ya gunia la unga. Nina hasira naye pia. Anaona aibu kuanguka, lakini hakuona aibu kuniacha mjane. Ningeulizwa tena leo hii, ningesema tena.

Ila nampenda, na kimya chake kinaniuma.

Kukicha nitampelekea chai, nimwulize kama anataka sukari. Akijibu, nitajua pa kuanzia. Asipojibu, atakuwa amenuna hapa nyumbani, si Kakontwe, nami nitamwuliza tena.