Nikataze Sweta Kwenye Harusi Yangu?

Mpendwa mshauri Cheptoo, naomba msaada, na naomba uharakishe, kwa sababu kadi za harusi yangu ya Agosti ziko kwa mchapishaji hapa Nakuru na leo asubuhi amenipigia kuuliza kama ule mstari wa mavazi ubaki au utoke, nami nikamwambia mtandao ni mbaya nikakata simu.

Mimi ni Wachuka, naishi Free Area na nauza vipodozi mjini, lakini nimezaliwa Molo, kwenye viazi na baridi, na baba alipofariki mama alitulea peke yake, yeye na akina mama wenzake wa kikundi, na hao ukiwaona huwezi kuwakosa, maana wana sweta nzito za maruni walizofuma wenyewe, na sweta hiyo huvaliwa shambani, kanisani, mazishini na harusini, juu ya nguo yoyote ile, halafu leso juu ya sweta, na soksi ndani ya viatu vya wazi. Ndivyo watu wa kwetu wanavyovaa na sikuwahi kuona ubaya wowote mpaka nilipompata Joash.

Familia ya Joash ni ya hapa Nakuru, babu yake alikuwa mtu wa reli, na hao wanajua kuvaa, mshauri, hata wakienda kununua mkate. Walipokuja Molo kuleta mahari mvua ilikuwa imenyesha, magari yakakwama kabla ya kufika kwetu, na dada yake Joash, anaitwa Adongo, akashuka na viatu vyake virefu vikazama kwenye matope, basi akina mama wakatoka mbio na gambuti mikononi, wakamvisha yeye na mama yake, wakawashika mkono wakiimba mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa dirishani nimepambwa, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni Adongo akaweka picha kwenye status, yeye na mama yangu wamekumbatiana, mama na sweta yake, Adongo na gambuti, ameandika "Wakwe zetu wa Molo" na zile sura za kucheka mpaka machozi. Niliiangalia picha hiyo mpaka macho yakaniuma na sikumwambia Joash chochote.

Tulipoanza mipango tuliamua chakula kiwe nje bustanini, na nikachagua rangi ya kijani hafifu, nikamwambia mama, akafurahi. Adongo ndiye ananisaidia, na siku moja akaniambia, "Wachuka, hii kijani iko poa sana, lakini weka dress code. Ukiachia watu wavae vile wanataka, picha zitatoka kama za baraza ya chifu." Nikajua anasema akina nani. Nikaandika mwenyewe: "Wageni wavae kijani au krimu. Sweta, leso na gambuti haziruhusiwi." Adongo aliposoma akaniuliza, "Hata sweta? Sasa wazee watafanya aje?" Nikasema ndiyo, hata sweta.

Jumamosi nikaenda Molo kumwambia mama kabla hajaiona kwenye kadi. Nilimkuta nje anamenya viazi. Nikamwambia, "Mum, hiyo siku si uambie akina mama wasikuje na hizo sweta."

"Sweta gani?"

"Zote."

Akaendelea kumenya kile kiazi, na maganda yalikuwa yameisha. Kisha akauliza, "Hata yangu?"

Nikasema hata yake. Akasema, "Sawa, nitawaambia," akachukua kiazi kingine.

Nikitoka, jirani yetu Tabby, ambaye ni wa hicho kikundi, akaniita kwake nione kitu. Kitandani kulikuwa na rundo la sweta mpya, mshauri, za kijani hafifu, rangi yangu yenyewe. Akaniambia, "Mama yako alitwambia rangi ni kijani. Tumekuwa tukifuma tangu tuvune. Na hii ya krimu ni ya mama Joash, ile siku tuliona anatetemeka." Nikasema ni nzuri. Alikuwa anavuta nyingine chini ya rundo lakini nikamwambia nina haraka, nikaondoka, sikuweza hata kumtazama usoni.

Sasa juzi mjomba Kabiru wa Gilgil, aliyekuwa jeshini, amenipigia kuuliza kuna nini. Mama amemwomba anishike mkono aniingize kanisani, kazi ambayo tulikubaliana tangu mwanzo ni ya mama mwenyewe. Mjomba akasema, "Anasema wewe unataka watu smart, na mimi niko na suti. Yeye atakaa nyuma, halafu arudi kukamua ng'ombe." Hajagombana na mimi. Afadhali angegombana.

Nawaonea aibu watu walionilea, na kuona aibu huko kunaniaibisha zaidi, lakini pia harusi ni yangu na picha zitakaa miaka yote na wakwe watakuwa wakizitazama. Tafadhali niambie, mstari ubaki au utoke? Na ukitoka, nitamrudiaje mama bila kumwambia ni kwa nini niliuandika?

Wachuka, Free Area

*

Wachuka,

Mtandao wako hauna shida yoyote. Mpigie mchapishaji umwambie mstari utoke. Weka gazeti chini umpigie sasa hivi, mimi nitakungoja hapa.

Umempigia? Haya, tuongee.

Kuchagua rangi si kosa. Nimekula pilau kwenye harusi nyingi hapa Rift Valley ambako hata viti vilikuwa vimevalishwa vizuri kunishinda, na sikununa. Bibi harusi ana haki ya kuomba wageni wake kijani, na wageni wana haki ya kutafuta kijani wakose. Lakini wewe hukuomba rangi. Ulikataza gambuti. Niambie, ni nani Nakuru hii anayekuja harusini na gambuti mpaka akatazwe kwa maandishi? Ulikuwa unawaandikia watu unaowajua kwa sura na kwa majina, ukataka kadi iwaambie kile ulichoshindwa kuwaambia. Hata hivyo ulienda ukamwambia mama kwa mdomo wako, na hapo ndipo ulipomuumiza.

Na Adongo umemsingizia. Rudia kusoma barua yako. Kwenye ile picha, gambuti zimevaliwa na nani? Ni yeye. Amekumbatiana na mama yako, anajicheka mwenyewe, na anawaita wakwe zake mbele ya kila mtu aliye kwenye simu yake. Ni kweli mdomo wake ni mwepesi na lile neno la baraza ya chifu lilikuwa la kipuuzi. Lakini ulipoandika sweta, ni yeye aliyekuuliza kuhusu wazee. Wageni walikwama, mama zako wakawatoa matopeni wakiimba, na wewe uliyekuwa dirishani na viatu vikavu ndiye ukaona aibu. Hebu jiulize aibu hiyo ilikuwa ya nini.

Sikuoni kuwa mtu mbaya, mwanangu. Mimi pia nililelewa baridini na nimewahi kuvua sweta kwenye stendi ili niingie mjini nikitetemeka kwa madaha. Tunaoshuka mjini aibu hiyo tunaijua, hutushika bila kupiga hodi. Ubaya ni kwamba wewe uliigeuza sheria, na mama yako akaitii. Ameamini kwamba hafai kuonekana. Anatafuta suti ya kaka yake isimame mahali pake, na amejipangia kukamua ng'ombe siku ya harusi ya binti yake. Picha hizo unazosema zitakaa miaka yote, hebu zifikirie bila yeye.

Umeniuliza utamrudiaje bila kumwambia sababu. Huwezi. Sababu anaijua, aliijua kiazi kikiwa mkononi. Usimtume Joash, usitume mjomba, usinunue kitenge cha kumfunga mdomo. Nenda Molo Jumamosi mchana, akiwa na viazi vyake, kaa chini, chukua kisu umenye naye. Kisha useme, "Mum, nilikuonea aibu, na nilikosea. Nataka wewe ndiye unishike mkono." Sema hivyo tu na usianze kueleza mambo ya Adongo. Akinyamaza, menya. Akilia, usikimbie kama ulivyokimbia kwa Tabby. Na akikukasirikia, shukuru, si umesema afadhali angegombana.

Mjomba Kabiru mpigie umwambie suti aje nayo lakini atakaa na wageni. Joash naye mweleze yote, kisha atafute mtu wa kukamua siku hiyo, maana ng'ombe hao sasa ni wa mama mkwe wake. Kwenye kadi uandike kwamba rangi yenu ni kijani, na kwamba kila mtu anakaribishwa na alichonacho. Na kwa kuwa harusi ni ya Agosti, na baridi yake, na mtakula nje, ikifika wakati wa keki utaona mabega wazi yote ya mjini yakitafuta mtu wa kuyafunika. Mama Joash peke yake ndiye atakuwa ametulia.

Ukimaliza na mama, usirudi Nakuru bila kupita kwa Tabby. Akina mama waliomwona mgeni akitetemeka siku moja tu wakamfumia sweta ya krimu hawawezi kuwa walikusahau wewe, mtoto wao. Umeandika mwenyewe kwamba alikuwa anavuta nyingine chini ya rundo ukasema una haraka. Kamwambie umerudi kuijaribu.

Mama Cheptoo