Picha za Posa ya Feisal

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimemficha Feisal picha tatu nzuri. Zimo katika simu hii aliyoninunulia binti yangu Mishi. Zile mbaya nimemwonyesha. Ameondoka akijipapasa pua.

Ni hivi. Feisal anaposa. Kwa umri wetu huu! Mke wake alitangulia, wangu naye akafuata, na tangu hapo tumekuwa wagane wawili wa Gazi tunaonyang'anyana gazeti. Sasa amepata wa kumposa. Hasina, mjane wa Mkwiro. Ana nyumba yake, ana mbuzi wake, na hahami kisiwani kwa ajili ya mwanamume. Atakayemtaka amfuate. Kaka yake, Iddi, ameleta ujumbe: kabla hajajibu anataka picha. Ya sasa, si ya ujana.

Feisal alikuja asubuhi na kanzu aliyoishona mwenyewe. Cherehani hajaiacha ingawa macho yamemwacha. "Yakhe Chande, ile picha ya harusi yangu ulinipiga wewe nikafanana na mtu. Hebu fanya tena."

Naijua kazi hii. Miaka yote niliyosomesha, kamera ya shule ilikaa kwangu. Na mwanga wa nyumba yangu naujua — mlango wa uani, jua likipiga ukuta mweupe wa jiko na kurudi ndani limepoa. Nikamketisha upande upande, lile sikio kubwa likaingia kivulini. Kidevu chini, kisha mbele kidogo, ngozi ya shingo ikanyooka. Simu nikaishika juu kidogo ya macho yake. Sikumwambia acheke. Nilimuuliza nani alikuwa fundi bora, yeye au Kaingu wa Ukunda. Akavimba. Hapo ndipo nikampiga.

Zimetoka nzuri mno. Mtu mwenye miaka mingi mbele yake.

Nikamwambia mwanga haufai, twende nje. Jua lilikuwa limeshafika utosini. Nikampiga kutoka chini, simu ikiwa usawa wa kitovu changu. Akaitazama kwa muda.

"Huyu babu wa nani?"

"Wewe."

"Tundu za pua hizi, panya anaingia na mzigo wake."

Nikasingizia simu. Nikamtumia ile ya pua. Tutajaribu siku nyingine, nikasema.

Kwa nini? Sijui. Hapana — najua. Leo sitaki kuliandika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikai mahali. Kiti nimekitoa ukumbini, nimekipeleka uani, nimekirudisha. Mishi ameniuliza kama natafuta kitu.

Maumivu yako hapa, chini ya mbavu za kulia. Daktari wa Msambweni aliniambia mwezi uliopita, kwa upole, huku akizungusha kalamu. Saratani, na imeshafika kwenye ini. Ameniandikia dawa za kutuliza tu. Aliuliza kama nina watu nyumbani. Nikasema nina watu tele.

Mishi anajua ni vidonda vya tumbo. Ananipikia uji na kunikataza pilipili. Feisal hajui hata hilo.

Nikimwambia, posa itavunjika siku hiyo hiyo. Namjua. Atakuja na godoro lake, alale ukumbini, anitazame kama mgonjwa. Nami nitakuwa nimemnyang'anya yule mama na mbuzi wake. Nisipomwambia, atapanda mashua na mabegi yake, aende.

Kwa hiyo nimefanya la tatu. La kitoto. Nimempiga picha ya pua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo tumemwosha mzee Sharif, jirani wa nyuma.

Kazi hii tumeifanya pamoja, mimi na Feisal, tangu mvi hazijaota. Mimi humwaga maji, yeye husugua, mkono wake umefungwa kitambaa. Kuanzia kitovuni mpaka magotini hapafunuliwi. Maji ya majani ya mkunazi kwanza, ya kafuri mwisho. Hatuongei. Akiinua kidole najua anataka maji kidogo, akikunjua kiganja nasita.

Leo nguvu zilinipungukia. Jagi likagonga ukingo wa kitanda. Feisal akaushika mkono wangu kwa chini, akaubeba na jagi lake, tukamwaga pamoja. Hakunitazama.

Nje, watoto wa marehemu walimuuliza Feisal jinsi baba yao alivyokuwa usoni. Akawajibu, amelala vizuri, kama amepumzika. Haikuwa hivyo. Lakini mwosha hasemi aibu aliyoiona. Anaisitiri, basi. Nimemwona Feisal akiwasitiri watu wa kijiji hiki mmoja baada ya mwingine, wakubwa kwa wadogo, na hajawahi kunong'ona hata kwangu niliyekuwa pale pale na jagi.

Tulipokuwa tukirudi akaanza utani wetu wa siku zote. "Wewe zamu yako ikifika nitakuogesha polepole. Una kitekenyo, usije ukaamka ukawatia watu mbio."

Nikamuuliza, "Na ukiwa Mkwiro?"

"Mashua zipo, bwana."

Mashua zipo. Na sisi hapa mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Nani atasubiri mashua?

Jumapili, 12 Oktoba

Iddi anarudi Mkwiro kesho. Feisal alikuja kutafuta picha mpya.

Mishi alimwamkia, "Shikamoo, ami," akamletea kahawa, kisha akaniambia mbele yake — Baba, zile za mlangoni si nzuri? Aliziona alipokuwa akitafuta namba ya simu. Nikasema zimetetemeka. Alisimama na sinia yake akinitazama. Kisha akarudi jikoni. Adabu yake ndiyo iliyoniokoa, na ndiyo iliyonichoma.

"Basi yaishe," Feisal akasema. "Nitampa hii ya pua."

"Subiri kidogo," nikasema.

"Akinikataa na akatae pua yangu. Nitaishi na mtu kisiwa kimoja, nitajificha wapi?"

Kidole changu kilikuwa juu ya zile tatu. Kubonyeza tu. Niliitia simu mfukoni, nikamwambia chaji imekwisha.

Alipoondoka nilifurahi. Niandike hivyo hivyo: nilifurahi. Kisha nikatapika uji wa Mishi kwenye karo.

Jumanne, 14 Oktoba

Hasina amekubali.

Feisal aliingia bila kubisha hodi, kofia imekaa upande. Iddi amempigia. Ati dada yake ameicheka ile picha mpaka akakaa chini. Waliomposa kabla walimletea picha za enzi za ujana wao, mmoja hata ya mdogo wake. Huyu ameleta pua. Amesema mtu wa hivi hatakuwa na mengi ya kumficha. Kesho Iddi anamngoja Shimoni, wavuke pamoja wakapange siku ya nikaha.

"Umeniozesha, Mwalimu," Feisal akasema. "Kwa ubaya wako wa kupiga picha."

Nikampa mkono. Nikamwombea heri, na niliimaanisha nusu.

Kisha akataka picha yangu. Ya kukaa nayo kule, alisema, ukutani, Hasina amjue aliyefanya kazi. Nikakataa. Akanivuta kiti mwenyewe mpaka mlango wa uani. Kumbe alikuwa akinitazama siku ile. Akaniweka upande upande. "Kidevu chini. Sasa mbele kidogo." Akainua simu yake juu ya macho yangu. "Nani alikuwa mwalimu bora, wewe au yule wa Majoreni aliyekuwa akilala darasani?"

Nilicheka. Akapiga.

Akaitazama. Nikangoja utani wake, nao haukuja. Akaikuza kwa vidole viwili, hapa kwenye paji, hapa chini ya jicho. Akaisogeza nuruni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeona wapi mtu akitazama hivyo? Nikakumbuka. Ndivyo anavyomtazama maiti tunapofunua shuka, kabla ya kuomba maji ya kwanza.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Mimi ni fundi wa nguo, Chande, lakini watu nimewaosha. Mashavu haya nayajua. Mishi anajua?"

Nikampa simu yangu, nimefungua zile tatu. Sijui kwa nini nilianza na hizo. Alizipitia moja moja, yeye na kanzu yake na sikio lake kivulini. Akakaza uso.

"Hizi ulikuwa nazo."

"Nilikuwa nazo."

"Jumapili ulikuwa nazo. Ukaniacha nipeleke ile."

"Ndiyo."

Adhana ya alasiri ikaanza. Akasimama, akavaa ndara, akazivua, akazivaa tena. Akasema anakwenda kuswali, na akirudi nimjibu mambo mawili: ninaumwa nini, na alinikosea nini hata nikataka akataliwe. Simu yangu ameondoka nayo.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Mishi yuko jikoni, kijiko hakisikiki, nadhani amesikia yote. Swala imekwisha, watu wanatoka. La kwanza nitalijibu kwa neno moja, saratani. La pili nimelitafutia maneno ya kisomi na hayapo. Nasikia ndara zake kwenye kokoto. Hukunikosea kitu, Feisal. Naogopa kuoshwa na mkono mwingine.